Mawe Yenye Mabaka: Namna ya Kulea Kuvumwani Bustanini, Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikianza tu mwezi wa Novemba, na maswali yanaanza. "Mama, mawe yangu yameota ukurutu, niyasugue na nini?" "Haya mabaka ya kijivu ni ugonjwa? Yatahamia kwenye maua?" "Parachichi langu limeota ndevu mwili mzima, nilikate?" Na siku hizi limeongezeka moja linalonifurahisha kuliko yote: "Nimepita kwako nikaona mawe yamependeza. Ya kwangu ni matupu. Nifanyeje nayo yawe hivyo?"

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona heri niyaandike mahali pamoja. Naishi Uyole, Mbeya, na mawe ya uani kwangu nimeyalea zaidi ya miaka kumi. Nitakayoyaeleza nimeyafanya kwa mikono yangu, na makosa nitakayokuonya nayo mengine yalinigharimu miaka.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: si ugonjwa, hauhamii kwenye maua, na usisugue.

Unachokiona ni nini

Jina lake la vitabuni ni kuvumwani, na jina lenyewe limejieleza: ni kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe na kutunza unyevu. Mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua, kama jani lifanyavyo. Mizizi haina. Hunywa mvua, umande na ukungu kwa mwili wake wote, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake: chochote kilichomo kwenye maji hayo, chema au sumu, inakinywa chote. Lishike hilo, na hatua zinazofuata hutahitaji kuzikariri.

Utaziona za namna tatu. Za ganda zimebandika kwenye jiwe kama rangi iliyokauka. Huwezi kuzitoa bila kubandua na jiwe lenyewe. Za jani zina kingo zilizonyanyuka kidogo, ukucha unaingia chini yake. Za kichaka husimama au kuning'inia kama ndevu, na ndizo zilizojaa kwenye miti ya milima ya Poroto na Rungwe. Bustanini utaanza na za ganda, halafu za jani.

Ujue pia mwendo wake. Nyingi za ganda hutanuka milimita moja hivi kwa mwaka, nyingine hata nusu yake. Za jani huenda milimita chache. Baka lenye upana wa kisahani cha chai kwenye jiwe la shambani kwa babu huenda lilianza kabla mama yako hajazaliwa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Chupa ya kupulizia maji, mpya kabisa. Ile bomba ya mgongoni iliyowahi kubeba dawa ya viazi au nyanya usiiguse, hata ukiiosha mara kumi.
- Beseni la kukingia mvua.
- Chaki au kipande cha mkaa.
- Mtaimbo, sururu na toroli, pamoja na mtu wa kusaidiana naye.
- Magunia matupu au majani ya mgomba.
- Brashi laini. Mswaki wa zamani unatosha.
- Kioo cha kukuzia, kama unacho. Si lazima.
- Kitambaa cha shashi, kamba ya katani na udongo wa mfinyanzi, kwa watakaofika hatua ya 8.
- Shilingi 200 ya sarafu. Utaona kazi yake mwishoni.

Mbolea haimo kwenye orodha hii, na wala sijaisahau.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni kuvumwani. Subiri siku kavu, jiwe likiwa limekauka kabisa. Pulizia maji kidogo kwenye baka, kisha hesabu polepole hadi mia. Kuvumwani hai iliyokuwa ya kijivu mkavu itaanza kupata ukijani mbele ya macho yako, kwa sababu ganda la juu likilowa hupitisha mwanga na mwani wa ndani unaonekana. Za jani zitalainika, zile kingo zilizokuwa zikivunjika kama karatasi iliyoungua zitakunjika bila kukatika. Sogeza kioo uangalie vizuri: huenda ukaona visahani vidogo vyenye ukingo, vya kahawia au vyeusi, vimepangana kama vyombo kabatini. Hapo ndipo kuvu hutoa mbegu zake. Au utaona unga mwepesi wa kijivu-kijani kando ya jani. Unga huo ukumbuke, tutautumia.

Kisichokuwa kuvumwani: zulia laini la kijani lenye vijani vidogo vidogo ni kigoga, huo ni mmea. Utelezi wa kijani kama wa ndani ya tangi ni mwani peke yake. Doa jeupe lisilobadilika hata likilowa huenda ni chokaa au kinyesi cha ndege.

2. Zunguka ua wako kabla hujagusa jiwe lolote. Watu wanaruka hatua hii, na mimi niliiruka. Tafuta mambo haya.

Kwanza, mchirizi wa paa. Mawe yangu ya mwanzo niliyapanga vizuri sana chini ya ukingo wa bati, nikidhani maji yanayomwagika pale yatayanufaisha. Miaka mitatu hakikuota kitu, na yale mabaka mawili yaliyokuja na jiwe yalipauka yakafa. Bati la kawaida limepakwa zinki, na kila mvua huiosha zinki hiyo kidogo kidogo na kuidondosha chini. Kwa kuvumwani hiyo ni sumu. Angalia hata juu ya paa au ukuta wenye misumari ya bati: chini ya kila msumari mara nyingi kuna mstari msafi usioota kitu. Sogeza mawe yako mita moja au zaidi kutoka mchirizini.

Pili, moshi. Jiko la kuni la nje na shimo la kuchomea taka viwe mbali. Tatu, dawa za shambani. Kwetu Mbeya viazi mviringo vinapuliziwa mara kwa mara dhidi ya ugonjwa wa bakajani, na dawa ya kuua ukungu haichagui: kuvu ni kuvu. Mrututu, ile dawa ya shaba, ni mbaya zaidi, maana shaba hubaki. Kama shamba la jirani linapakana na bustani yako, weka mawe nyuma ya ua wa miti au nyuma ya nyumba, na zungumza naye mpatane asipulizie upepo ukielekea kwako.

Kuku pia huchakura, na vumbi la barabara ya udongo huziba kila kitu. Baada ya kuondoa sehemu zote hizo, ua uliobaki ndio wa mawe.

3. Chagua jiwe. Liwe la mahali pako. Iringa mna matale, ambayo mafundi wengi huyaita graniti. Ukipanda lile jiwe kubwa la Gangilonga, Iringa mjini, utaona jinsi yanavyoshika mabaka. Rungwe na Tukuyu mna mawe meusi ya volkano yenye vitundu, na vitundu hivyo hushika unyevu kuliko jiwe lolote ninalolijua. Upande wa Songwe kuna mawe ya chokaa, yenye kuvumwani zake tofauti kabisa. Usichanganye: inayopenda itale haitakaa kwenye chokaa, na ya chokaa haitakaa kwenye itale.

Jiwe liwe na uso wa kukwaruza. Marumaru iliyong'arishwa iache madukani.

Na litoke wapi? Kwenye shamba lako mwenyewe, au pale linapokaribia kupotea. Penye kuchimbwa msingi wa nyumba, penye kupasuliwa kokoto, penye kupanuliwa barabara, mawe yenye umri mkubwa huishia chini ya nyundo kila siku. Muombe mwenye eneo. Mara nyingi atakushangaa kisha atakupa. Mawe yangu matano mazuri kuliko yote niliyaokoa hivyo, fundi akiwa ameshashika nyundo.

Onyo: Usichukue kitu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kwenye msitu wa hifadhi wa Mlima Rungwe, wala kwenye mawe ya kumbukumbu kama Gangilonga, hata kokoto, hata ndevu moja ya mti. Hifadhini ni kosa la kisheria. Na hata isingekuwa hivyo, kilichochukua miaka sabini kukua pale si chako wala changu.

4. Weka alama kabla ya kulinyanyua. Ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja tu, ningechagua hili. Jiwe lililokaa mahali pake miaka mingi lina uso wa juu, uso wa chini, ubavu wa jua na ubavu wa kivuli. Kuvumwani zilizo kila upande zimezoea mwanga wa upande huo. Ukiligeuza, za kivulini zitaungua na za juani zitazubaa kwa kukosa mwanga.

Kwa hiyo, kabla mtaimbo haujagusa udongo, chukua chaki. Chora mshale kwenye ubavu wa jiwe, pasipo na baka, ukielekea kaskazini. Chora mstari kuzunguka jiwe pale udongo unapoishia, ujue lilikuwa limezama kiasi gani. Piga picha tatu kwa simu. Dakika mbili zimekwisha, umeokoa miaka.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa wanaosoma miongozo ya Ulaya. Kule huambiwa upande wa kaskazini ndio wenye kivuli na ubaridi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Iringa na Mbeya ziko kwenye nyuzi kati ya 7 na 9 kusini, na wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, jua hupita kaskazini kwetu. Miezi hiyo ya ukame ndiyo inayoua. Basi kwetu ubavu wa kusini ndio unaobaki na umande muda mrefu asubuhi, na ndiko za jani hupenda kukaa.

5. Lihamishe likiwa kavu nje, lakini si siku ya jua kali. Kuvumwani ikilowa hulainika na kukwanguka. Ikikauka sana huvunjika kama majani ya chai. Asubuhi umande unapoanza kukauka ndiyo saa nzuri. Tandika magunia au majani ya mgomba kwenye toroli, laza jiwe kwa uso wake wa chini, usilifunge kamba juu ya mabaka. Mawe mawili yasigusane. Usilibebe kwa kulikumbatia. Vifungo vya koti na mkanda hukwangua.

6. Lilaze kama lilivyokuwa. Chimba shimo la kina cha ule mstari wa chaki, mwaga changarawe kidogo chini ili maji yasituame, weka jiwe, elekeza mshale kaskazini. Likisimama wima kama nguzo wakati lilikuwa limelala, litapendeza wiki moja na mabaka yataanza kupauka. Jaza udongo, ushindilie kwa mguu, futa chaki kwa kidole chenye maji.

Usiweke saruji. Saruji mbichi hutoa maji makali ya chokaa yanayopanda na kuenea kwenye jiwe.

7. Maji. Walio Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, waiache hatua hii, mbingu inawafanyia. Walio Mbeya mjini, Iringa na Makambako watahitaji kusaidia kidogo wakati wa kiangazi, na hasa mwaka wa kwanza baada ya kulihamisha jiwe.

Pulizia alfajiri au asubuhi na mapema, mara mbili kwa wiki, mpaka mabaka yabadilike rangi. Hapo acha. Sababu ya saa hiyo ni hii: ikilowa wakati mwanga upo na hewa ni baridi, hupika chakula. Ikilowa usiku wenye joto hutumia chakula bila kupika kingine. Ikilowa saa sita mchana, jua huipikia humo humo ndani ya maji. Kavu inastahimili joto kali sana, mbichi haistahimili. Nimeona jiwe zima likiharibika kwa sababu mtu mwenye huruma alilimwagia maji mchana wa Oktoba akidhani lina kiu.

Na lazima ikauke kati ya kulowa na kulowa. Ikikaa imelowa siku zote, kigoga na mwani telezi vitaifunika.

Maji yenyewe yawe ya mvua iliyokingwa kwa beseni lililowekwa wazi. Ya bomba yana klorini, na ya visima vingine huacha utando mweupe. Ya tangi linalokinga paa la bati nimeshasema yana nini.

8. Kupandikiza kwenye jiwe tupu. Hii ni kwa mwenye subira, na matokeo hayana uhakika. Kwangu hushika kama kipande kimoja kati ya vitatu. Fanya mvua zikishaanza vizuri, mwishoni mwa Novemba au Desemba.

Kusanya vipande vilivyokwisha kudondoka: chini ya jiwe lililopasuliwa, kwenye kokoto zenye mabaka. Usibandue baka zima. Jiwe tupu lioshe kwa maji matupu na brashi, ulisugue hapa tu kwa nguvu unayotaka. Koroga udongo wa mfinyanzi na maji ya mvua uwe mwepesi kama uji wa mtoto, upake utando mwembamba kiasi kwamba rangi ya jiwe bado inaonekana. Kabla haujakauka, nyunyiza ule unga wa kijivu-kijani na vipande vidogo, vya ukubwa wa punje ya mchele, ubonyeze kwa kidole. Upande uliokuwa juu ubaki juu. Funika kwa shashi, zungushia kamba ya katani, acha msimu mzima wa mvua. Fungua mwezi wa Mei. Kilichoshika hakitatoka ukikipuliza kwa mdomo.

Kuna njia nyepesi zaidi, na mimi naipenda kuliko hiyo: weka jiwe tupu chini kidogo ya jiwe lenye mabaka, upande unakoelekea upepo, karibu kiasi cha shubiri moja. Mvua ikirusha matone kutoka jiwe la juu, ule unga husafiri wenyewe. Jiwe langu moja jeusi la Rungwe lilipata baka lake la kwanza hivyo katika mwaka wa tatu. Lilikuwa dogo kama kichwa cha kiberiti, lenye ukingo mweupe. Niliita watoto walione.

9. Palizi. Nyasi zinazoliegemea jiwe zing'oe kwa mkono. Dawa ya kuua magugu isikaribie. Majani makavu ya miti yaliyolala juu ya jiwe yaondoe kila wiki, kwa sababu huziba mwanga na chini yake huoza. Fyekeo la mashine likipita karibu, linda mawe kwa ubao.

10. Piga picha, halafu uyaache. Chagua baka moja. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni yake, piga picha ukiwa umesimama wima juu yake. Mwaka ujao tarehe ileile rudia. Bila picha utadhani halikui, utachoka, utaanza kulipaka vitu.

Makosa yanayorudiwa kila mwaka

Chokaa. Hili nalisema kwa uchungu. Kwetu ni desturi: kukiwa na sherehe, mawe ya njia yanapakwa chokaa nyeupe ili nyumba ionekane safi. Ilipokuwa kipaimara ya binti yangu, mimi nikiwa jikoni na kina mama, kijana tuliyemuajiri kwa siku ile alipaka mawe kumi na moja. Alifanya kazi yake kwa moyo, hakuna aliyemwambia. Nilipotoka nje ilikuwa saa kumi jioni na chokaa imeshakauka. Nililala nikiwaza maji, nikaamka nikamwagilia jiwe kwa jiwe, lakini chokaa huunguza tangu dakika ya kwanza. Tisa kati ya hayo hayakurudi kama yalivyokuwa. Mawili yalianza kuonyesha vidoa vya kijivu baada ya miaka minne, kwenye nyufa ambako brashi haikufika. Kwa hiyo kabla ya harusi, msiba, kipaimara au wageni wa Krismasi, mwambie kila atakayeshika brashi: haya hayapakwi. Ukipenda weupe wa njia, panga matofali na uyapake hayo.

Brashi ya waya na maji ya klorini. Vinaondoa kwa saa moja kilichojengwa kwa miaka thelathini, na jiwe linabaki na makovu.

Mtindi. Utasoma sehemu nyingi kwamba ukipaka jiwe mtindi au maziwa mgando, kuvumwani itaota haraka. Nilijaribu mara mbili. Kilichoota ni ukungu mweupe wa kawaida, kisha siafu wakaja. Kuvumwani hujipikia chakula. Maziwa yanawalisha wengine. Uyanywe.

Mbolea na samadi ya maji. Zitakuletea mwani telezi, na kama itaota kuvumwani itakuwa ile ya njano na rangi ya chungwa inayopenda naitrojeni, huku nyingine zikirudi nyuma.

Pale inapolazimika kuiondoa

Siwezi kukuambia uache ngazi ya mlangoni iwe telezi mzee akianguka. Ngazi, njia ya kupita, na maandishi ya kaburi yanayotakiwa kusomeka, hapo ondoa. Lowesha kwa maji matupu, subiri dakika kumi mpaka ilainike, kwangua kwa kijiti cha mti au mwanzi, maliza kwa brashi laini na maji. Za ganda zilizoingia ndani ya jiwe la kaburi ziache. Ukizilazimisha herufi zitatoka nazo. Kwenye kaburi safisha herufi tu, pembeni paache. Bibi yangu amelala Rungwe chini ya jiwe jeusi lenye mabaka ya kijivu, na jina lake linasomeka vizuri.

Mambo yakienda kombo

*Jiwe limegeuka kijani na linateleza.* Maji ni mengi au kivuli kimezidi. Acha kupulizia wiki sita, punguza matawi yanayolifunika. Usisugue, mwani utakauka wenyewe.

*Mabaka yamepauka, mengine yana wekundu hafifu, na yanabanduka.* Fanya ule mtihani wa maji wa hatua ya 1. Yakipata ukijani, yako hai, yamechoka tu. Yasipobadilika yamekufa. Tafuta sababu ndani ya majuma machache yaliyopita: dawa iliyopuliziwa jirani, nyasi zilizochomwa, jiwe lililogeuzwa. Usiyabandue hata yakifa, kingo zake huenda bado zina uhai.

*Kuna mistari myembamba iliyoliwa.* Konokono. Wanakula kuvumwani usiku. Toka na tochi, waokote kwa mkono. Chumvi usimwage karibu na jiwe.

*Zimeota za rangi ya chungwa tu, tena kileleni.* Ndege wanapumzika hapo na kinyesi chao kinazilisha. Si tatizo, mimi naziacha kileleni kwa sababu huwaka vizuri jua la jioni. Kama hupendi, wape ndege mti mwingine wa kutua.

*Mwaka umepita, jiwe tupu halina kitu.* Mwaka ni mfupi. Kabla ya misimu mitatu ya mvua usihukumu. Ila kama hata mawe ya zamani, kuta na magome ya miti ya ua wako hayana baka hata moja, rudi hatua ya 2. Kuna kitu kwenye hewa au maji.

*Watoto wanazishika, zina madhara?* Kuzigusa hakuna shida kwa wengi, ingawa wapo wachache ambao ngozi huwasha. Kuzila, hapana. Zipo zenye sumu, na usizichemshe kuwa dawa kwa kusikia tu.

*Parachichi, mkahawa au mti wa matunda umeota ndevu.* Hili ndilo swali linalokuja kwa wingi kutoka Njombe na Rungwe, kwa hiyo nilieleze vizuri. Kuvumwani imekaa kwenye gome, haina mzizi wa kunyonya kitu ndani ya mti. Kinachotokea ni kwamba mti ukidhoofika kwa sababu nyingine, majani hupungua, mwanga unaingia mpaka kwenye matawi, na kuvumwani zinatanuka. Mwenye shamba anaona ndevu zimeongezeka na mti unakufa, anaunganisha viwili hivyo, ananunua dawa ya shaba. Fukua mizizi kwanza. Parachichi likisimama kwenye maji, mizizi midogo inayolisha mti huwa myeusi na hukatika ukiigusa, wakati mizima ni myeupe ndani. Ukikuta nyeusi, chimba mfereji wa kutoa maji kabla mvua nyingine haijaja. Ndevu ziache juu zilipo.